Hoteli Zikiungana, Pointi Zako Hupangiwa Bei Mpya

Tarehe 18 Agosti 2018, wateja wa hoteli za Sheraton, Westin na St. Regis walifungua akaunti zao wakakuta pointi zimezidi mara tatu. Aliyelala na 40,000 aliamka na 120,000. Hakuna aliyekuwa amezawadiwa. Marriott ilikuwa imeunganisha mpango wake wa wateja na ule wa Starwood, kampuni yenye hoteli hizo ambayo Marriott iliinunua miaka miwili kabla, na kiwango cha kubadilishia kilijulikana tangu 2016: pointi moja ya Starwood kwa tatu za Marriott. Namba zilipanda, lakini chumba kile kile nacho kilikuwa kimewekewa namba mpya, na kadi ya benki iliyokuwa ikizileta pointi hizo ilikuwa imepunguza kasi tangu mwanzo wa mwezi ule.

Muungano huo ndio mkubwa kuliko yote katika biashara ya hoteli, na nautumia hapa kama mfano kwa sababu umekwisha na hesabu zake ziko wazi. Hoja yangu ni hii: kampuni mbili za hoteli zinapoungana, mteja huwa ameshika vitu vitatu tofauti, yaani pointi, daraja la uanachama na kadi ya mkopo. Kila kimoja kina mkataba wake, mwenye uamuzi wake na tarehe yake ya mwisho. Wengi hupoteza kwa kuvichukulia vyote kama kitu kimoja, wakasubiri waone mambo yatakavyokuwa. Wanaopata ni wale wanaokaa chini siku ya tangazo na kuvitenganisha.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kudhani haya ni mambo ya Wamarekani. Kadi zenyewe kweli ni za Marekani, na Waswahili wanaozibeba ni wale wanaoishi Houston, Minneapolis au Washington. Ila hoteli ziko kwetu. Kabla ya 2016, mwenye pointi za Starwood alikuwa na Sheraton ya Kampala. Mwenye za Marriott alikuwa na Protea za Dar es Salaam, Kampala na Entebbe, maana Marriott ilikuwa imelinunua kundi la Protea mwaka 2014, na mwaka 2016 ikaongezeka Marriott ya Kigali. Baada ya kuungana, pochi moja ilitosha kwa zote. Mtu wa ughaibuni anayetaka kumpumzisha mama yake hotelini akienda kliniki mjini, au mfanyakazi wa shirika anayezunguka kati ya Kampala na Kigali kwa gharama ya mwajiri, yumo ndani ya habari hii, apende asipende.

Pointi ni deni, na mdaiwa ndiye anayepanga bei

Tuanze na jinsi pointi inavyozaliwa. Kampuni kama Marriott humiliki majengo machache mno. Kazi yake ni kukodisha jina lake na kusimamia hoteli za watu wengine. Mgeni anapolala kwa fedha, mwenye hoteli huchangia kwenye mfuko wa mpango wa wateja. Mgeni huyo akirudi kulala kwa pointi, mfuko ndio unaomlipa mwenye hoteli. Siku za kawaida hulipwa kidogo; hoteli ikiwa karibu kujaa hulipwa zaidi, kwa kuwa kile chumba kingeuzwa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kila pointi iliyoko mikononi mwa mteja ni deni kwenye vitabu vya kampuni. Kwa Marriott deni hilo limepita dola bilioni 6.

Mchangiaji mwingine mkubwa ni benki. Kadi yenye jina la hoteli upande mmoja na la benki upande wa pili, tuiite kadi ya ubia, haitoi pointi kwa ukarimu. Benki huzinunua pointi kwa hoteli, kisha humpa mteja kila anapolipa dukani au kwenye mafuta. Fedha za kununulia hutoka kwenye ada wanazokatwa wenye maduka, ada ya mwaka na riba. Ukubwa wa biashara hii ulionekana wazi mwaka 2020, hoteli zilipokuwa tupu kwa sababu ya korona. Mwezi Aprili, Hilton iliiuzia American Express pointi za dola bilioni 1 kwa malipo ya mapema. Mwezi Mei, Marriott ikapata dola milioni 920 kutoka kwa benki zake mbili, American Express na JPMorgan Chase. Vyumba havikuwa na wageni, lakini pointi zilikuwa na mnunuzi.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini katika muungano wowote mteja si mtu wa kwanza kusikilizwa. Mwaka 2016 Marriott ilirithi tatizo ambalo wageni hawakuliona: kadi zake zilikuwa za Chase, na za Starwood zilikuwa za American Express. Mikataba ya mahasimu wawili, bidhaa moja. Ilichukua hadi Desemba 2017 kutangaza kwamba benki zote mbili zitabaki, zikigawana soko: Chase ichukue zaidi kadi za watu wa kawaida, American Express ichukue za kifahari na za wafanyabiashara wadogo. Kanuni nyingine zote kuhusu kadi zilifuata mgawanyo huo.

Kiwango cha haki, kasi isiyo ya haki

Kiwango cha tatu kwa moja kilikuwa cha haki, na hapa wakosoaji wengi waliilaumu Marriott mahali pasipostahili. Starwood ilikuwa maarufu kwa jambo moja: pointi 20,000 ukizihamishia kwenye shirika la ndege zilikuwa maili 25,000, kwa sababu kila ulipohamisha 20,000 kwa mkupuo uliongezewa maili 5,000. Baada ya muungano, pointi 60,000 za mpango mpya zilitoa maili 25,000 zile zile. Gawanya 60,000 kwa tatu, unarudi palepale. Mwenye akiba siku ile hakuibiwa.

Aliyepunjwa ni yule aliyekuwa bado anakusanya. Tuseme yupo muuguzi wa Moshi anayefanya kazi Houston. Ana kadi ya Starwood ya American Express, ada yake dola 95 kwa mwaka. Kila mwezi anapitisha humo matumizi ya dola 1,000: chakula, mafuta, simu, na analipa deni lote mwezi unapoisha. Chini ya kanuni za zamani kila dola ilimletea pointi moja ya Starwood, sawa na tatu za Marriott. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, dola ile ile kwenye kadi ile ile ikamletea pointi mbili za Marriott. Theluthi nzima imeondoka.

Sasa mpimie muda. Ili apate maili 25,000 za kumsogeza karibu na tiketi ya kurudi nyumbani, zamani alihitaji matumizi ya dola 20,000, yaani miezi 20. Baada ya Agosti alihitaji dola 30,000, yaani miezi 30. Ada haikubadilika, jina la benki halikubadilika, na kwenye taarifa yake ya kila mwezi aliona pointi 2,000 mahali alipozoea kuona 1,000. Asiyepiga hesabu angeshukuru.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Kadi hiyo hiyo ilianza kutoa hati ya usiku mmoja wa bure kila inapotimiza mwaka, kwa hoteli isiyozidi pointi 35,000. Mtu anayelala hotelini walau mara moja kwa mwaka alipata kitu kinachozidi ada ya dola 95. Kwa hiyo thamani ilihamishwa: ikatolewa kwa anayetumia kadi kila siku, ikapewa anayeiweka kabatini na kuitoa mara chache. Muuguzi wetu hakuhitaji kuifunga kadi. Alihitaji kuacha kununulia nayo chakula, matumizi yale akayahamishia kadi nyingine, na hii akaibakiza kwa ajili ya hati ya usiku. Huo ni uamuzi wa dakika kumi, ila hufanyika tu kama umezitazama kasi mbili, ya zamani na mpya, ukizipima kwa kipimo kimoja.

Dirisha la miezi sita

Kuhusu bei za vyumba, muungano ule ulileta jambo ambalo hutokea mara chache: kwa muda mfupi mteja alipendelewa. Chini ya Starwood, hoteli za kundi la juu zilidai kati ya pointi 30,000 na 35,000 kwa usiku, ambazo kwa kipimo kipya ni 90,000 hadi 105,000. Orodha mpya ya bei ilipoanza Agosti 2018, kundi la bei ya juu kabisa lililopangwa, la pointi 85,000, lilicheleweshwa hadi mwaka uliofuata. Kwa muda huo hata hoteli za fahari kama St. Regis ya Maldives zilipatikana kwa 60,000. Tarehe 5 Machi 2019 mlango ukafungwa na 85,000 ikaanza. Waliokuwa wameweka nafasi kabla ya hapo walilala kwa bei ya zamani hata kama safari yao ilikuwa miezi mingi mbele.

Kisha ngazi zikaendelea kung'olewa moja moja. Septemba 2019 zikaja bei za msimu wa juu na wa chini. Machi 2022 orodha ya bei ikaondolewa kabisa, na sasa idadi ya pointi hufuata bei ya fedha ya siku ile. Hati ya usiku wa bure ya pointi 35,000, iliyokuwa ikiingia kwenye hoteli fulani bila maswali, siku nyingine haitoshi. Kampuni iliruhusu kuongezea hadi pointi 15,000 juu ya hati ili itoshe, na hiyo ni nafuu ya kweli, lakini maana yake ni kwamba usiku wa bure nao umeanza kulipiwa.

Hapa pana funzo linalozidi Marriott. Muungano hauna siku moja. Una siku ya tangazo, siku ya kukamilisha ununuzi, siku ya kuunganisha akaunti, na siku ya kanuni mpya kuanza kuuma. Kwa Marriott siku hizo zilikuwa 16 Novemba 2015, 23 Septemba 2016, 18 Agosti 2018 na 5 Machi 2019. Ni zaidi ya miaka mitatu. Kati ya tarehe hizo kuna nafasi za kuvuka ambazo kampuni haitazitangaza kwa herufi kubwa, na kuweka nafasi mapema ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuishika bei, kwa kuwa nafasi nyingi za pointi unaweza kuzighairi ndani ya muda uliowekwa na pointi zikarudi.

Daraja: heshima yenye tarehe ya mwisho

Daraja la uanachama, Gold au Platinum, ni jambo jingine kabisa. Pointi unaweza kuzitumia. Daraja huliishi tu. Siku ya ununuzi kukamilika, Septemba 2016, wateja waliruhusiwa kuziunganisha akaunti zao mbili na kupewa daraja linalolingana upande wa pili. Wajuzi waligundua njia ya kupitia. Kadi ya Platinum ya American Express ilikuwa ikimpa mwenye nayo Gold ya Starwood bila kulala usiku hata mmoja. Gold hiyo, akaunti zikiunganishwa, ilizaa Gold ya Marriott, na Gold ya Marriott wakati ule ilikuja na kifungua kinywa katika hoteli nyingi. Kwa karibu miaka miwili watu walikunywa chai ya bure kwa kubofya mara moja. Agosti 2018 Gold mpya ikazaliwa bila kifungua kinywa, na njia ile ikafa.

Upande mwingine walikuwapo wenye usiku mwingi wa miaka. Kampuni iliwawekea wateja wenye usiku 750 na miaka 10 ya Platinum njia ya kupata daraja la juu la maisha, mradi wafikie kabla ya 2018 kwisha. Aliyekuwa na usiku 740 mwezi Novemba na hakujua, alipoteza jambo ambalo halirudi. Ndiyo maana nasema daraja lisimamiwe kwa kalenda. Pointi hushuka thamani polepole. Daraja hukatika kwa siku moja.

Majina matatu na akaunti mbili

Sehemu iliyowatesa watu wengi mwaka 2018 haikuwa kanuni, bali mitambo. Kwa wiki kadhaa baada ya tarehe 18 Agosti, wateja walilalamika kwamba usiku waliolala haukuonekana, kwamba pointi zimekosekana, kwamba akaunti zimekataa kuungana. Jina jipya la mpango, Marriott Bonvoy, lilipoanza kutumika Februari 2019, watu wa Marekani waliligeuza kuwa kitenzi cha dhihaka, kwa maana ya kuangushwa na hoteli uliyoitumikia kwa uaminifu.

Kwetu tatizo hili lina sura yake. Mtandao wa hoteli unataka majina mawili, la kwanza na la ukoo. Sisi tuna matatu: la mtu, la baba, la babu. Pasipoti imeweka la babu mwisho. Benki ya Marekani, kwa kufuata karatasi nyingine, imelifanya la baba kuwa la ukoo. Mhudumu wa mapokezi aliyekusajili Kampala alikuwa na haraka, akaandika mawili ya kwanza na kuacha la tatu. Kwa mtambo, hao ni watu watatu. Siku ya kuunganisha, akaunti zako zitapita zikipishana kama wageni stesheni, na kadi itapeleka pointi kwenye namba usiyoitumia tena. Rekebisha majina kabla ya siku hiyo, jina kwa jina na herufi kwa herufi, na uhakikishe anwani ya barua pepe ni moja. Baada ya siku hiyo utakuwa kwenye foleni ya simu na wenzako mamilioni.

Hapo ndipo daftari linapolipa. Waliopiga picha ya skrini ya salio, idadi ya usiku wa mwaka, usiku wa maisha na hati zilizobaki walikuwa na cha kumwonyesha mhudumu. Wasiokuwa na ushahidi waliambiwa wasubiri uchunguzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pointi ni mali ambayo daftari lake liko kwa mdaiwa.

Kuna sababu nzito zaidi ya kuwa macho. Tarehe 30 Novemba 2018 Marriott ilitangaza kwamba hifadhi ya nafasi za wageni wa Starwood ilikuwa imeingiliwa na wezi wa mtandaoni tangu 2014, kabla hata Marriott haijainunua. Makadirio ya kwanza yalitaja hadi wageni milioni 500. Baadaye kampuni ilisema ni rekodi zisizozidi takriban milioni 383. Ndani yake kulikuwa na namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zisizofichwa kwa usimbaji. Uingereza iliitoza faini ya pauni milioni 18.4 mwaka 2020, na Oktoba 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 52 kwa majimbo ya Marekani. Agizo la mamlaka ya biashara ya Marekani lililotoka wakati huo liliitaka pia ichunguze akaunti za wateja wanaoomba na kurudisha pointi zilizoibwa. Mnunuzi wa kampuni hununua na ugonjwa wake. Mteja anayeunganisha akaunti abadilishe nywila siku hiyo hiyo, na afute kwenye wasifu wake namba ya pasipoti na kadi zilizokwisha.

Sheria iko wapi?

Masharti ya mipango hii karibu yote yanafanana: pointi si mali ya mteja, na kampuni yaweza kubadili kanuni au kufunga mpango. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kuugusa mpango wa namna hii, ila wa ndege. Mwaka 2014, katika kesi ya Northwest dhidi ya Ginsberg, rabi mmoja alidai kwamba shirika lilimfukuza kwenye mpango wake kinyume cha nia njema. Majaji wote walikubaliana kwamba dai la nia njema aliloleta limezuiwa na sheria iliyoondoa udhibiti wa mashirika ya ndege.

Miaka 10 baadaye upepo ulibadilika kidogo. Mwaka 2024, Alaska Airlines ilipotaka kuinunua Hawaiian Airlines, wizara ya uchukuzi ya Marekani ilitoa masharti kabla ya kuruhusu: kila maili moja ya Hawaiian ibadilishwe kwa moja ya Alaska, na thamani ya zawadi ilindwe. Hoteli hazina wizara ya namna hiyo. Muungano wa Marriott ulipitiwa na mamlaka za ushindani za Marekani, Ulaya na China, nazo zilitazama ushindani sokoni, hazikutazama pochi ya mteja. Kwa hiyo ulinzi wako katika hoteli ni sifa ya kampuni na wepesi wako mwenyewe.

Tofauti pia ipo kati ya mpango na mpango. Accor ya Ufaransa ilinunua kundi la Fairmont, Raffles na Swissôtel mwaka 2016, na Julai 2018 ikawahamishia wateja wa Fairmont kwenye mpango wake. Jambo hili liliwafikia wageni wa Norfolk ya Nairobi na Mount Kenya Safari Club ya Nanyuki. Huko mteja alikuta pointi zenye bei ya wazi: 2,000 ni punguzo la euro 40. Bei ya wazi haina msisimko wa kupata chumba cha dola elfu moja kwa pointi chache, lakini ina faida moja: kampuni ikitaka kuishusha, lazima iishushe mbele ya macho yako. Mpango usio na orodha ya bei unaweza kushusha thamani kila usiku bila tangazo.

Tangazo likitoka, fanya nini?

Juma la kwanza, usihamishe wala usifunge chochote. Hifadhi rekodi zote nilizotaja, na taarifa za kadi za miezi 12. Sahihisha majina. Soma tangazo la benki tofauti na la hoteli, kwa kuwa tarehe hazilingani: Agosti 2018 kadi zilibadilika siku 17 kabla ya hoteli.

Pili, jua thamani ya pointi yako kwa hoteli unazozilalia, si kwa zile za kwenye matangazo. Chukua bei ya chumba pamoja na kodi, gawanya kwa pointi zinazotakiwa. Chumba cha dola 210 kinachodai pointi 30,000 kinaipa kila pointi senti 0.7 ya dola. Kanuni mpya zikikidai 50,000, pointi imeshuka hadi senti 0.42. Fanya hivyo kwa hoteli tatu unazozijua, kabla na baada, na utakuwa na takwimu inayokuhusu wewe kuliko makala yoyote, hii ikiwamo.

Tatu, kuhamishia pointi kwenye ndege kwa hofu ni kosa la kawaida. Maili zikishahamia hazirudi, na shirika la ndege nalo hupandisha bei zake. Hamisha ukiwa umeiona tiketi yenyewe kwenye skrini, tarehe na viti vipo.

Nne, kadi mpya. Muungano huleta zawadi kubwa za kujiunga kwa sababu benki zinagombea wateja, lakini huleta pia vizuizi. Baada ya Agosti 2018, aliyekuwa amepokea zawadi ya kadi ya Marriott kutoka Chase ndani ya miezi 24 alinyimwa ya American Express kwa kadi kadhaa. Uchague mapema ni zawadi ipi unayoitaka kuliko nyingine, kwa kuwa ya kwanza yaweza kuufunga mlango wa ya pili. Usifunge kadi ya zamani kabla hujauliza itageuzwa kuwa nini. Kadi nyingi hubadilishwa zenyewe, na umri wake husaidia rekodi yako ya mikopo.

Na hesabu moja iwe juu ya zote. Riba ya kadi za mkopo Marekani imevuka asilimia 20 kwa mwaka. Deni la dola 2,000 lililolala mwaka mzima kwa asilimia 22 linakula dola 440. Matumizi hayo hayo, kwa pointi mbili kwa dola na senti 0.7 kwa pointi, yamekuletea thamani ya dola 28. Asiyelipa deni lote kila mwezi hana kadi ya pointi. Ana mkopo wa bei mbaya wenye picha ya hoteli. Kwake muungano hauna umuhimu wowote, alipe deni kwanza.

Kwa aliyebaki, uamuzi ni mwepesi kuliko unavyotangazwa. Jiulize unataka kulala wapi ndani ya mwaka mmoja ujao. Ukiwa na jibu, weka nafasi sasa kwa bei ya sasa, kisha zitazame kanuni mpya ukiwa umeshajihami; bei ikishuka, ghairi na uweke upya. Usipokuwa na jibu, acha kukusanya pointi za kampuni hiyo hadi kanuni zitulie, na matumizi yako yahamie kwenye kadi inayorudisha fedha taslimu. Asilimia 2 ya fedha taslimu haina hadhi ya mapokezi wala kifungua kinywa, lakini hakuna bodi ya wakurugenzi inayoweza kukutana usiku na kuamua kwamba dola yako imekuwa theluthi mbili.